Alichowaambia Kabla Hawajala

Msimbati, Mtwara
Jumapili, 20 Agosti 2023

Mdogo wangu Hawa,

Salaam aleikum kwa desturi ya nyumbani kwenu, nami kwa desturi yetu nakutakia amani ya Bwana. Natumaini karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo aliyekuwa akikohoa mlipokuja kwenye arobaini, kifua kimeshamwachia. Mwambie mimi, Mama Glory wake, bado nakumbuka alivyonilalia mapajani wakati dua inasomwa.

Huku tunaendelea. Mikorosho imeanza kutoa maua na watu wengi wako mashambani wanapulizia dawa. Glory wangu yuko Njombe kwa bibi yake, anasoma vizuri, namsikia kwenye simu. Nyumba ya marehemu mama yako ni nzima. Nuru, ambaye bado anaishi humo, ameziba pale jikoni palipokuwa panavuja, kuku wameongezeka, na ule mpapai wa nyuma umezaa mpaka tunagawa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yangu unayo. Nimempa mwalimu mwenzangu anayekwenda huko Tabora kumwona mkewe, akukabidhi mkononi. Kuna maneno nilijaribu kuyasema simuni, nikapiga, ukapokea, nikaishia kukuuliza hali ya mvua. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, kwanza peke yako, kisha umpe shemeji naye asome.

Nikuambie kweli, mdogo wangu, ninaogopa. Ninaandika mlango ukiwa na komeo ingawa ni mchana na joto limejaa humu ndani. Nuru amekaa hapa mkekani anachambua mchele, na kila mbuzi akipita nje mikono yake inasimama. Nitakueleza kwa nini. Lakini lazima nianze na mama yako, kwa sababu lililotokea juma lililopita huwezi kulielewa bila yeye.

Wewe ulikuwa umeshaolewa na kwenda Tabora wakati watu wa Palma, ng'ambo ya mto huko Msumbiji, walipoanza kuvuka kwa wingi. Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini na moja, mwishoni mwa Machi. Tuliona moshi upande wa kusini, tukasikia helikopta, na kisha boti zikaanza kuingia, nyingine zimebeba watu mpaka ukingo unalingana na maji. Habari zilizokuja nao hazikuwa za kusimulia mbele ya watoto. Hapa kijijini watu walikimbilia mashambani. Wengine walisema wale wa msituni, ambao sisi huku hatuwataji kwa jina, wamechanganyika na wakimbizi na wamevaa kama wao. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi langu na la Glory.

Mama yako alijifunga kanga kiunoni, akachukua sufuria kubwa ya shughuli na unga wa muhogo, akashuka pwani. Nilimfuata. Usidhani ni ushujaa. Kubaki peke yangu ndani ya nyumba kulinitisha zaidi.

Pale pwani ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jambo lililonisumbua miaka yote iliyofuata. Watoto aliwapa uji moja kwa moja. Lakini mtu mzima yeyote, kabla hajampa bakuli, alimshika mkono, akamvuta pembeni kidogo na kumwambia maneno machache kwa Kimakonde. Mimi Kimakonde changu ni cha sokoni tu, na alisema kwa sauti ya chini. Niliona nyuso zao zikibadilika. Wengi walimtazama, kisha wakapokea. Mama mmoja alianza kulia akamwegemea begani. Yuko mzee aliyepokea bakuli, akalimwaga lote mchangani polepole, akaenda kukaa mbali juani. Kesho yake mama yako alimpelekea tena, akaliweka karibu naye na kuondoka. Siku nyingine nilimwona yule mzee anakula, amempa mgongo.

Nilidhani anawauliza habari za ndugu. Si unajua bibi yenu alizaliwa ng'ambo, na mna jamaa wengi huko. Lakini kuna siku hofu ilinipa mawazo mengine, nikajiuliza huyu mama anawasiliana na nani. Nikamwuliza wazi ni nini anachowaambia. Alinijibu huku anaosha sufuria kwamba anawaambia wako kwa nani. Sikuelewa, nikaona ni adabu za kwenu za kumjulisha mgeni nyumba aliyofikia.

Siku ya fungu la mchanga nilikuwepo pia, na napenda uijue kutoka kwangu kuliko kwa watu wanaoipamba. Boti moja ilikuwa imewashusha watu kwenye fungu pale Ruvuma inapoingia baharini, ikawaacha na kurudi. Maji yalikuwa yanajaa. Tuliwaona kwa mbali, wamesimama wamekusanyika, wengine wameinua watoto juu. Wenye mitumbwi wakakataa kwenda, na sikuwalaumu, kwa sababu milio ya risasi ilikuwa inasikika upande wa pili wa mikoko. Mama yako alizunguka akimwomba mmoja mmoja. Mwisho alikwenda kwa Shabani, yule mwenye boti ya faiba, akapanda botini kwake kabla hajakubali, akakaa. Akamwambia kama haendi basi amshushe kwa nguvu mbele ya watu. Shabani akawasha injini.

Nilisimama pwani nimeshika viatu vyake. Walikwenda wakarudi, wakashusha wanawake na watoto, wakageuza tena. Safari ya mwisho maji yalikuwa yamefika vifuani mwa waliobaki, na Nuru alikuwa mmoja wao. Walipofika nchi kavu watu walimshangilia mama yako. Yeye alipita katikati yao mpaka nyuma ya mikoko, na nilipomfuata nikamkuta ameinama anatapika. Kanga ilikuwa imemlegea, akashindwa kuifunga. Nikamfunga mimi. Akaniambia, "Mwalimu, naogopa. Lakini nikikaa nyumbani naogopa zaidi."

Nilidhani anasema hofu ya kubaki peke yake ndani, kama yangu.

Wale wa mwanzo baadaye walichukuliwa na magari kupelekwa walikopangiwa. Wengine walikuja baada yao kwa miguu, kidogo kidogo, kupitia vivuko vya juu ya mto. Kazi yake haikuisha. Wajawazito aliwapeleka zahanati na kusimama nao akitafsiri. Kuna mtoto mchanga aliyefia njiani, mama yake alikuwa hataki kumwachia; mama yako alikaa na yule mama chini tangu asubuhi, hakumwambia amwachie, mpaka mwenyewe akamkabidhi. Akamviringisha kwenye doti yake mpya, ile uliyomtumia wewe kwenye Idi. Alinikataza nisikuambie, alidhani utaona hakuithamini.

Nuru alibaki kwa sababu ana shangazi aliyeolewa Madimba, na mwenyekiti alimwandikisha kama mgeni wa familia. Kwa shangazi hapakuwa na nafasi, akahamia kwa mama yako. Mume wake aliuawa siku kijiji chao kilipochomwa. Aliuza chumvi. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo juu yake, na sikuomba zaidi.

Jambo jingine dogo. Zamani watu wote walimwita mama yako Mama Sudi, kwa kaka yako, mtoto wake wa kwanza. Miaka hiyo alianza kuwaomba wamwite Mama Hawa. Sote tulidhani ni uchungu wa mtu aliyepotelewa na mtoto, kwa maana Sudi alikwenda kwenye machimbo ya vito ng'ambo kabla hata vita havijachachamaa, akapiga simu mara chache, kisha kimya. Najua nawe uliambiwa hivyo hivyo, na kwamba pengine alishafariki. Mama yako hakukudanganya. Alikuambia nusu aliyokuwa na uhakika nayo.

Kifo chake unakijua. Presha ilimpanda akaanguka alipokwenda kuchota maji kisimani, na gari lilipomfikisha hospitali mjini hakuwa tena na kauli. Ulikuta ameshaoshwa. Waliomwosha ni Nuru na wanawake wengine wawili waliovuka, walituomba wapewe hiyo heshima, na wanawake wa hapa wakawapisha.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Jumamosi ya juma lililopita, mchana, nilikuwa uani kwa mama yako nakuna nazi, maana siku za mapumziko mimi na Nuru tunapika pamoja. Nuru alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilipoinua macho nikaona mtu amesimama kwenye uzio, kimya, sijui tangu lini. Mwembamba, ndevu zimenyolewa vibaya, mguu mmoja anauvuta. Nikamchukulia ni mmoja wa wanaovuka, wote huwa na ile namna ya kutazama mlango kabla ya kumtazama mtu. Akaniuliza kama mama yupo. Nikamwuliza mama gani. Akasema mama yake.

Hawa, ni kaka yako Sudi. Yu hai.

Kati yangu na yeye palikuwa na ile mbuzi ya nazi tu. Nilimshukuru Mungu kwamba Glory yuko Njombe, halafu nikaona aibu kushukuru. Nilimkaribisha kwa sababu sikujua namna ya kutomkaribisha. Alikaa chini kabisa, si kwenye kigoda. Nikamwambia mama yake alifariki, nikamweleza ilivyokuwa. Hakulia. Aliuliza nani alimwosha. Nikamwambia ni wanawake waliokimbia vita, aliokuwa akiwasaidia. Akauliza wametoka vijiji gani. Nilipotaja kijiji cha Nuru alifunika uso kwa mikono yote miwili, na hapo hapo nikajua alikuwa upande gani. Kisha akasema chini ya viganja, "Nilikuwepo."

Nikamwona Nuru anakuja njiani na ndoo kichwani. Nilitaka kumpigia kelele asiingie, arudi, akimbie. Sikuwahi. Aliingia. Alishusha ndoo bila kumwaga tone, akamtazama. Nikaanza kusema kwamba huyu ni mpita njia, anaondoka sasa hivi. Nuru akasema yule ni Sudi. Nikamwuliza amemjuaje. Akasema ana paji la uso la mama yake, na kwamba mama alimwambia.

Ndipo nilipoambiwa kile ambacho nilikitazama kwa miaka miwili bila kukisikia. Nuru alikisema kwa Kiswahili ili nami nielewe, polepole, kama mtu anayerudia kitu alichokihifadhi:

"Kabla sijala uji wake alinishika mkono. Akasema, nina mtoto wa kiume huko mnakotoka. Sijui amekufa, sijui ametekwa, sijui yuko na hao waliowachomea nyumba. Huu uji ni wa mama yake. Ukiukataa sitakulaumu, nitakutafutia chakula kwa jirani."

Aliwaambia wote, Hawa. Kila mtu mzima aliyekula chakula chake alijua anakula kwa nani. Yule mzee aliyemwaga uji alijua. Yule mama aliyemlilia begani alijua. Waliomwosha walijua. Sisi majirani ndio hatukujua, wala mimi niliyekuwa nikilala kwake na mwanangu nyakati za hatari. Nadhani aliona sisi tungemkimbia au tungemfukuza. Kwa upande wangu, sina uhakika kwamba alikosea.

Sudi alisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akaeleza, na nitayaandika kama alivyoyasema, nisiongeze wala kupunguza. Alisema mwanzoni walichukuliwa kwa nguvu kutoka kambi ya wachimbaji, yeye na wenzake, na aliyejaribu kutoroka aliuawa mbele yao. Alisema baadaye alipewa bunduki. Na alisema ikafika siku ambayo hakuna aliyekuwa anamlazimisha, na akaendelea kwenda. Hilo alilisema mwenyewe, hakuna aliyemwuliza. Mguu uliumia wakati wa kukimbia, na amekuwa akijificha na kutembea tangu kabla ya Ramadhani.

Nuru akamtajia jina la mume wake. Akamwambia alikuwa mfupi, anauza chumvi, anapenda kuvaa kofia ya njano. Akamwuliza kama alimwona. Sudi akajibu kwamba aliona watu wengi na hakuuliza majina.

Nuru alikaa chini palepale alipokuwa. Nilifikiri atainuka na panga lililokuwa karibu na kuni, na nilifikiri pia Sudi anaweza kuinuka yeye. Mwisho Nuru alisimama, akachota maji kwenye bakuli, akamwekea mbele yake.

"Kunywa," alisema. "Haya ni ya mama yako, si yangu. Ukimaliza twende ukaone kaburi, halafu twende kwa mwenyekiti. Humu ndani hulali."

Sudi alikunywa yote, akainuka.

Tulitembea watatu, yeye mbele na sisi nyuma. Watu walitusalimia njiani, tukaitikia, sijui wao waliona nini. Makaburini alisoma Fatiha, akaweka kiganja juu ya udongo na kukiacha hapo muda mrefu. Mimi niliogopa asije akakimbia. Niliogopa pia asikimbie, tufike naye kwa mwenyekiti, na jambo liwe jambo kweli. Alipoinuka alinitazama akauliza njia ni ileile ya zamani. Nikasema ni ileile. Akatangulia mwenyewe.

Mwenyekiti alipiga simu, gari la polisi likaja kabla ya alasiri. Hawakumpiga, nilikuwepo mpaka anapanda. Alipoulizwa jamaa zake alisema ana dada mmoja, Hawa, ameolewa Tabora. Kwa hiyo, mdogo wangu, watakupigia au watakuja. Usishtuke, usikimbie, wala usijibu kwa kubabaika. Sema ukweli kwamba hukujua. Na mimi nitasema hivyo hivyo nikiulizwa, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kabla ya kupanda gari aliniomba nikuulize kama utakubali kuja kumwona. Sikumwahidi jibu. Nilimwahidi kufikisha tu, na nimefikisha.

Tangu siku ile hatulali vizuri. Habari imeenea. Wapo wanaosema mimi na Nuru tulikuwa tunamficha siku zote, na juzi mawe yalitua kwenye bati wakati tunakula. Mwenyekiti amewaambia watu kwenye mkutano kwamba ni sisi tuliomfikisha kwake. Wengine wameamini, wengine wameondoka wakinong'ona. Na tunaogopa pia wale aliowaacha msituni, kwamba yuko atakayetaka kujua alikopita na nani alimkabidhi. Mama yangu amesikia, anapiga simu kila siku anataka nirudi Njombe. Sijamjibu, kwa maana sijui.

Jana wanawake waliovuka, wale walioko Madimba, walikuja wamebeba kuni. Nao walikuwa na hofu, mmoja alikuwa anageuka geuka nyuma muda wote. Hawakueleza kwa nini wamekuja. Walikaa uani, wakapika, tukala, wakaondoka jua likiwa bado juu.

Liko moja la mwisho, na hili ni la Nuru mwenyewe. Anasema nyumba ni yako, na sasa umejua kwamba yeye ndiye aliyempeleka kaka yako serikalini. Anasema kama moyo wako hauwezi kumvumilia humo, umwambie tu, ataondoka bila kinyongo. Nimeandika kama alivyonituma. La kwangu ni hili: alipomaliza kunituma nilimwuliza kama anajuta kula uji ule. Alifikiri sana. Akasema hajui, ila angekula tena chakula cha mama yule hata kesho, kama mama angekuwepo.

Nisalimie shemeji kwa heshima, uwabusu watoto wote, na uwasalimie majirani zako walionipokea vizuri kwenye simu siku ya msiba. Nuru anakusalimu, na shangazi yake wa Madimba anakupa pole. Usiponijibu haraka nitaelewa.

Ukiamua kuja, njoo mchana, na uite jina lako ukiwa bado mbali barabarani. Ita kwa nguvu, wala usione haya, maana siku hizi tukisikia hatua za mtu hatufungui mpaka tumjue.

Dada yako,
Mwalimu Yustina
(Mama Glory)